Mnatuambia tuvumilie, ratiba yenyewe mmeiona?

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni ukurasa wako wa maoni ulitoa barua ya mzee mmoja aliyelalamika kuwa vijana wa sasa hawakai kazini, wakiajiriwa leo, kesho wameshaaga. Nimemsoma mpaka mwisho, kwa heshima zote. Naomba na mimi nafasi, maana ni mmoja wa hao wanaotaka kuaga.

Nina stashahada ya uhasibu. Kazi niliyoipata ni kuuza mafuta kwenye sheli moja hapa Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Jina la kituo silitaji, sikuandika ili kumchongea mtu, na bado nakula pale. Zamu zetu ni mbili tu. Ya mchana inaingia saa 12 asubuhi, ya usiku inaingia saa 12 jioni. Wiki hii usiku, wiki ijayo mchana, siku sita kila wiki. Mwili ukianza kuzoea kulala mchana, unageuziwa.

Kila ninayemwomba ushauri ananipa jibu lile lile: vumilia upate uzoefu. Mama, mchungaji wetu, hata bodaboda anayenipeleka kazini. Uzoefu wa nini? Kusoma mita mwanzo wa zamu na mwisho wa zamu, kupokea pesa, kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, kufunga hesabu na kukabidhi. Hayo niliyajua mapema kabisa na hayajaongezeka. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari ni muuguzi. Naye anaingia usiku, pengine anachoka kuliko mimi. Lakini leo kamsaidia mama kujifungua, kesho kakutana na dharura ambayo hajawahi kuiona, na mkono wake unazidi kuwa mwepesi. Baada ya miaka mitatu atakuwa muuguzi wa kutegemewa. Mimi baada ya miaka mitatu nitakuwa bado nauliza, "Kaka, niweke ya shilingi ngapi?" Kihasibu, uchovu wake ni uwekezaji, wangu ni matumizi.

Usiku mmoja tu kwa mwezi ndio wenye kazi ya akili, nao ni usiku wa bei. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza kila mwezi bei kikomo mpya, yaani bei ya juu ambayo kituo hakiruhusiwi kuipita, nazo huanza kutumika saa 6:01 usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza. Ikinong'onwa kwamba bei inapanda, kuanzia saa 3 bodaboda wamejipanga mpaka barabarani, na hata yule wa kila siku elfu mbili anataka ajaziwe tenki. Ikisemwa inashuka, uwanja unakuwa mweupe. Wanakaa juu ya pikipiki zao ng'ambo ya barabara, wanaangalia saa kwenye simu. Saa 6 ikigonga tunasimamisha pampu na kusoma mita upya, ili lita za bei ya zamani zisichanganyike na za bei mpya. Supavaiza anabadilisha bei, huku nyuma honi zinapigwa kama tumekufa pale. Ukikosea tarakimu moja katika purukushani hiyo, asubuhi una shoti, yaani pesa ulizonazo ni pungufu ya lita zilizotoka. Na shoti kwetu inakatwa kwenye mshahara wa mwezi huo huo, yote, bila maelezo.

Mjomba wangu alikuwa reli, pointimani, yule anayegeuza njia za treni stesheni. Anapenda kuniambia, "Mwanangu, sisi tulivumilia." Namheshimu mjomba, lakini nimemhoji vizuri. Kwa simulizi yake mwenyewe, stesheni yao ilikuwa na zamu tatu za saa nane nane. Akitoka usiku alikuwa anakwenda kulala kwenye nyumba ya reli, yenye kuta nene, dari, na mwarobaini mlangoni. Alipostaafu akalipwa mafao yake.

Mimi nimepanga chumba Nzuguni, bati juu, dari hakuna. Nikitoka usiku nafika nyumbani karibu saa 2 asubuhi, kwa sababu lazima kwanza hesabu zikubaliwe. Mwezi wa 11, mvua bado, ikifika saa 4 bati linaanza kualika kwa joto, ta, ta, ta, juu ya kichwa. Nalowesha kanga kwenye ndoo, nakamua, najifunika ikiwa mbichi. Nusu saa imekauka, naamka kuilowesha tena. Hapo sijamtaja fundi anayekata marumaru nyumba ya pili, wala mtoto wa mpangaji mwenzangu anayejifunza kuhesabu kwa sauti nje ya dirisha langu. Wala siwalaumu. Mchana ni wa watu kufanya shughuli zao, huwezi kumwambia jirani asitwange kisa wewe umelala.

Mzee aliyeandika anasema tusikimbie bali tutafute kazi nyingine tukiwa kazini. Ni ushauri mzuri, nimeujaribu. Niliitwa kwenye usaili wa kuandika, ukaangukia wiki yangu ya usiku. Nikaomba kubadilishana zamu, ikashindikana. Nikatoka saa 12, nikanawa kwenye bomba la kituo, nikabadili nguo stoo, nikaenda. Maswali yenyewe nilikuwa nayaweza. Nilikuwa nasoma mstari mmoja mara nne, nikifika mwisho sikumbuki ulianzaje. Ratiba ya namna hii haikuachii saa za kutafutia kazi nyingine, na ukizipata unakwenda bila kichwa.

Kwa kuwa nimesomea mahesabu, ngoja niyaweke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Zamu ya saa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, lakini hapo wiki isizidi siku 5 wala hizo saa 45. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi aongezewe asilimia 5 kwa kila saa. Kwetu ni saa 12 mara siku 6, yaani 72. Tutoe saa moja ya chakula kila siku, ingawa tunakula tumesimama, zinabaki 66. Ziada ni 21 kwa wiki, 84 kwa wiki nne. Sheria imesema 50. Kwenye karatasi yangu ya mshahara kuna mstari mmoja tu wa malipo, mshahara, basi. Hata hiyo shoti, sheria inataka mfanyakazi apewe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Hayo hayahitaji wakili, sheria ipo kwa Kiswahili, na mtu mwenye simu anaweza kuisoma.

Nimeamua kuondoka. Mama amenuna. Kwetu ni Kongwa, na kule Kibaigwa kuna mfanyabiashara wa mahindi anayetaka mtu wa kumwekea vitabu kuanzia mavuno: gunia zilizoingia, zilizotoka, nani anadai na nani anadaiwa. Malipo ni pungufu ya ninayopata sasa, na msimu ukiisha sina uhakika wa kitu. Mama anaona nimeacha kazi ya kudumu kwa kibarua. Mimi naona nitafanya hesabu, kazi niliyosomea, na usiku nitalala. Ana haki ya kuogopa, ndiye anayejua shida ya nyumbani mshahara wangu ukikosekana.

Ila sitatoroka. Pale kituoni wengi huondoka kwa kutoroka, anapokea mshahara leo, kesho simu haipatikani. Halafu anapoteza malipo ya likizo aliyokwisha kuyachuma na cheti cha utumishi, na mwajiri anabaki na la kusema kuhusu vijana. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28. Yangu nimeshaiandika, nakala mbili, moja ya kugongewa mhuri.

Dada ninayefanya naye zamu haondoki. Ana watoto wawili, analea peke yake, na zamu ya usiku kwake ina nafuu, anawaandaa shule asubuhi akirudi kabla hajajinyoosha. Aliniuliza kama namwona mjinga kubaki. Nilimwambia hapana, na sikuwa namfariji. Ningekuwa na watoto wale na mimi ningebaki, na ningekuwa nimechoka vile vile.

Kwa hiyo, mzee wangu, sibishani na wewe kuhusu uvumilivu. Ombi langu ni dogo. Siku ukisimama kujaza mafuta, muulize binti aliyeshika pampu ameingia saa ngapi na anatoka saa ngapi. Kama unamfahamu mwenye kituo, muulize kwa nini asiwe na zamu tatu. Na maofisa kazi wa mkoa wakipanga ukaguzi wa vituo vya mafuta, wapange na wa saa 9 usiku, sisi tutakuwepo.

Jina langu naomba lihifadhiwe.

Muuza mafuta,
Nzuguni, Dodoma