Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Msiwaambie watoto wa Kusini kwamba ngoma ndiyo iliyowachelewesha

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Pokea salamu kutoka Newala. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya serikali huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Ninakuandikia kuhusu somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoanza kufundishwa mwaka 2024. Nimelipokea kwa mikono miwili. Ombi langu ni kwamba somo hili liwaeleze watoto, kwa ukweli na kwa kina, kwa nini mikoa yetu haikuufikia Uhuru ikiwa na shule, barabara na fedha zinazolingana. Maelezo wanayopewa sasa, majukwaani na hata ndani ya ofisi za walimu, yanawaumiza.

Maelezo yenyewe unayajua, Mheshimiwa. Wachagga wana akili ya biashara. Wahaya wanapenda shule. Watu wa Kusini wanapenda ngoma. Katika kikao kimoja cha wadau wa elimu nilimsikia kiongozi akiwaambia wazazi kwamba Mtwara na Lindi zitaendelea kushika mkia mpaka wananchi waache unyago, na wazazi wenyewe wakapiga makofi. Wiki hiyohiyo niliwauliza Kidato cha Tatu kwa nini kahawa ilijenga shule Kilimanjaro na korosho haikujenga huku. Msichana mmoja, miongoni mwa wenye akili kali kabisa niliowahi kuwafundisha, akasimama akajibu bila kusita: "Kwa sababu sisi ni wavivu, mwalimu." Mtoto huyo huamka saa kumi alfajiri kwenda kuteka maji kabla ya kuja shule.

Ngoja nianze na maji hayo. Mgeni akifika Newala huuliza kwa nini watu walijenga mahali pasipo na maji. Udongo wetu ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama yote, na chemchemi ziko chini bondeni, mwendo mrefu wa kuteremka na mrefu zaidi wa kupanda ukiwa na ndoo kichwani. Mwenye uwezo anajenga kisima cha saruji ubavuni mwa nyumba akinge maji ya paa. Asiye na uwezo ananunua dumu, au anateremka. Hakuna mila inayomtuma mtu kuishi hivyo. Wazee wetu walikimbilia juu kwa sababu bondeni palikuwa mahali pa kutekwa. Misafara ya watumwa ilitoka pande za Ziwa Nyasa ikielekea Kilwa Kivinje, bandari kuu ya biashara hiyo katika pwani yetu ya kusini, na baadaye uvamizi wa Wangoni ukaongezeka juu yake. Masasi, ambako wamisionari Waanglikana wa UMCA waliweka makazi ya watumwa walioachiwa huru mwaka 1876, ilivamiwa mwaka 1882. Vichaka vizito vya uwandani ndivyo vilivyokuwa ngome ya watu wetu. Walikubali kuishi na kiu ili wasiuzwe. Mradi wa kupandisha maji kwa bomba ulianza miaka ya 1950, na hadi leo mabomba hayo hayajamfikia kila mtu. Ukihesabu saa ambazo wanawake na watoto wa kike wa Newala wametumia njiani kwa zaidi ya miaka mia moja, utakuwa umeanza kulijibu swali la ufaulu.

Kisha ikaja vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Vitabu vyetu vinaisimulia vizuri mpaka kwenye ushujaa: pamba ya Nandete iliyong'olewa Julai 1905, maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale, Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wangoni na wengine kuungana pasipo mfalme mmoja. Halafu sura inafungwa na mtoto anapelekwa kwenye utawala wa Waingereza. Yaliyofuata 1906 na 1907 hayapewi hata ukurasa. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, maghala na mashamba kwa makusudi, ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria waliokufa kwa vita na njaa kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa siku moja. Fikiria jamii inayoondolewa machifu, wasaidizi wao na waamuzi wake kwa asubuhi moja, halafu miaka 20 baadaye mkoloni anauliza nani awe msemaji wa wananchi kwenye mambo ya shule na mazao. Ardhi iliyobaki bila watu ilirudi kuwa pori, mbung'o na tembo wakaichukua, na sehemu kubwa ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hadi Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa na wakoloni wa nchi yake. Kama mgeni ameona kwamba jambo hilo bado lina uzito, sisi tunawezaje kumwambia mjukuu wa waliokufa kwa njaa kwamba tatizo lake ni ngoma?

Kuhusu Kilimanjaro nataka nieleweke vizuri, maana siandiki kwa wivu. Wachagga nao waliumizwa: Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Lakini vita ya huko ilifuatwa na kahawa, misheni za Kikatoliki na za Kilutheri zilizoshindana kufungua shule kila kijiji, na reli kutoka Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Fedha ya kahawa ikawa ada. Utamaduni nao ulikuwa na sehemu yake, na ni haki watoto waijue. Mababu zao walikuwa wamechimba mifereji ya kuleta maji ya mlima migombani kabla ya mzungu kufika. Kihamba cha nyumbani, yaani shamba la familia, hubaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume, wa kwanza hupewa chake, na wa katikati hujua mapema kwamba atajitafutia. Ardhi ilipobana, vijana hao wa katikati walienda kwenye maduka na ofisi, na shule ilikuwa imewaandaa. Mila ile ile, bila reli, bila kahawa, bila shule ya kijijini, ingewapeleka vijana hao kukata mkonge kwenye mashamba ya Tanga, kama ilivyowapeleka wa kwetu. Wangoni na Wamakonde walijaa kwenye makambi ya manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba hayo. Serikali ya Waingereza haikuiona Kusini kama mahali pa kupanda zao la biashara. Iliiona kama mahali pa kuchota nguvukazi.

Tukumbuke pia pwani. Kilwa ilifua sarafu zake yenyewe, na Ibn Battuta alipoitembelea mwaka 1331 aliusifia mji huo. Watu wake waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakaweka hesabu za biashara na mirathi, wakasomesha watoto madrasa. Serikali ya kikoloni ilipoamua kwamba msomi ni anayejua herufi za Kirumi, mwalimu wa chuo cha Kurani akahesabiwa katika kundi la wasiosoma. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu wa Lindi au Mikindani aliogopa kwamba mwanawe akiingia darasani atatoka amebatizwa. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Ilikuwa na sababu, na ilidumu muda mrefu kuliko sababu yenyewe. Linganisha na Masasi na Ndanda, ambako misheni zilikaa: kule wametoka walimu, wauguzi, mapadri, na kule amezaliwa Benjamin Mkapa, katika kijiji cha Lupaso. Watu ni walewale, ngoma ni zilezile, shule ndiyo iliyotofautiana.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili yake walijenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ukafa mwaka 1951, baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Ni nadra kusikia mkoa uliojengewa reli kisha ukanyang'anywa. Vita ya ukombozi ya Msumbiji ilipoanza 1964, mpaka wetu wa Ruvuma ukawa eneo la hatari na Nachingwea ikawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Tulilibeba jukumu hilo kwa niaba ya Afrika, na ninajivunia, lakini hakuna mwekezaji aliyekuja kujenga kiwanda karibu na mabomu. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kuvuka Rufiji kulitegemea kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea barabara ya Kibiti hadi Lindi ilikuwa tope tupu. Nilipokuwa kijana tulilala ndani ya basi, akina mama wakipika uji kandokando ya magurudumu, bei ya mchele na sukari huku ikipanda kwa sababu malori yalikuwa yamekwama nyuma yetu.

Na korosho, ambayo wengi hudhani ingetufanyia kile kahawa ilichowafanyia wenzetu? Ilianza kutufanyia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uzalishaji wa nchi ulifika takriban tani 145,000 kwa msimu, nyingi kutoka huku. Ikaja Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu kwenye vijiji vya pamoja. Familia zilihamishwa mbali na mikorosho yao, mashamba yakaota pori, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, bei ya mkulima ikawa ya kukatisha tamaa, na vyama vya ushirika vikafutwa mwaka 1976. Msimu wa 1986/87 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo vikafungwa. KNCU nayo ilifutwa mwaka huo huo wa 1976, lakini Kilimanjaro ilikuwa na watoto waliokwisha kusoma na wazazi wenye mishahara, na miaka ya 1980 ikajijengea sekondari zake binafsi kwa wingi. Pigo lilikuwa lilelile, akiba ndiyo iliyotofautiana. Vijana wetu mikorosho ilipowashinda hawakukaa vijiweni. Walikwenda Kariakoo wakatembeza bidhaa mikononi juani kutwa nzima. Sijui uvivu wa aina gani unaofanya hivyo.

Sasa nizungumzie unyago, maana sitaki nionekane ninaukwepa. Ni kweli msimu wa jando na unyago hufuata mavuno, na ni kweli watoto wengine hukosa vipindi, na wasichana wengine hutoka mwalini wakiwa wanatazamwa kama watu wazima kabla ya umri wao. Mimi mwenyewe hubishana na wazazi kila mwaka kuhusu hilo. Lakini mila ina wenyewe, na wenyewe wanasikiliza wakiheshimiwa. Askofu Vincent Lucas wa Masasi alilijua hili karibu miaka mia moja iliyopita. Badala ya kulipiga vita jando, alikaa na wazee, akaliingiza katika kalenda ya kanisa, padri akawa kumbini pamoja nao. Hakuwa akipendelea kila kilichofanyika humo. Alijua tu kwamba ukimlazimisha mzazi achague kati ya shule na kumfanya mwanawe kuwa mtu, atachagua kumfanya kuwa mtu. Isitoshe, mila zetu zina nguvu ambazo hatujazitumia. Ukoo wetu wengi tunauhesabu upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto kuliko baba, lakini kikao cha wazazi humwita baba. Nimewahi kuwafuata wajomba nyumbani, na watoto watatu waliokuwa wameacha shule wakarudi darasani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ninaomba mambo haya yatendeke.

Kitabu cha Historia ya Tanzania na Maadili kiwe na sura inayolinganisha mikoa: nani alipata reli lini, nani alipata shule lini, nani aliteketezewa maghala, nani alihamishwa kutoka kwenye mazao yake. Isiishie Kilimanjaro na Mtwara. Wagogo na njaa ya Mtunya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Kigoma na manamba wake, Bukoba na kahawa yake, wote wamo. Mtoto wa Moshi naye anahitaji kujua kwamba babu yake alikuwa na bidii na pia alikuwa na bahati, ili siku akiwa mkurugenzi asiwapime waombaji kazi kwa makabila yao.

Halmashauri za Mtwara na Lindi ziruhusiwe kukubaliana na manyakanga na makungwi, viongozi wa jando na unyago, kuhusu tarehe, ili ngoma zote ziingie ndani ya likizo ya Juni na ya Desemba, na makubaliano yasainiwe na pande zote mbili. Amri na faini zimejaribiwa, zikatufundisha tu kwamba ngoma inaweza kuchezwa porini usiku.

Na viongozi wa elimu wanapokuja kusoma matokeo mbele ya wazazi wetu, waje pia na taarifa ya walimu wa hisabati na fizikia waliopo, mabweni ya wasichana yaliyojengwa na maji yaliyofika shuleni. Wazazi wanastahili kuyasikia kwa pamoja.

Walimu wa historia kadhaa wa Mtwara, Lindi na Ruvuma tumeanza kuwahoji wazee na kukusanya simulizi za vijiji kuhusu njaa ya baada ya Majimaji, manamba, mpango wa karanga na Operesheni Vijiji. Wazee hao wanatutoka kila mwaka. Tuko tayari kukabidhi kazi hii kwa Taasisi ya Elimu Tanzania bila malipo, na kuja Dodoma kwa nauli zetu kuijadili. Tunachohitaji ni jibu lako kabla kitabu hakijachapwa upya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia,
Newala, Mtwara