Barua kwa ndugu yangu wa Tororo kuhusu giaboksi na waranti iliyokataliwa

Arua, Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Arua. Sisi hapa tu wazima, mama watoto anakusalimu, na natumaini nanyi huko Tororo hamjambo tangu tulipoagana baada ya mazishi ya shangazi. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa kuwa jambo nililo nalo linahitaji karatasi, na pia kwa sababu gereji yako imetajwa mahali ambapo haikustahili kutajwa, nami sikutaka ulisikie hilo kwa mtu mwingine.

Unaikumbuka pikapu niliyokuja nayo msibani. Niliinunua ikiwa mpya kwa muuzaji wa Kampala, na waranti yake ni ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Mwezi uliopita, ikiwa imetembea kilomita 41,300 na haijatimiza hata miaka 2, ilianza kutetemeka kila giaboksi ilipotoka gia ya pili kuingia ya tatu, hasa nilipokuwa na mzigo. Nilipovuka daraja la Karuma nikielekea Kampala, taa ya onyo ikawaka kwenye deshibodi, na baada ya muda mfupi injini ikawa inanguruma bila gari kusonga mbele. Ilivutwa hadi karakana ya muuzaji kwa fedha zangu.

Nilikuwepo walipoifungua. Fundi kijana alilegeza nati ya chini ya giaboksi, akaikinga oili kwa dumu jeupe lililokatwa juu, na kilichotoka hakikuwa oili nyekundu inayoangaza kama tunavyoijua. Kilikuwa kizito, chenye rangi ya waridi iliyofifia kama maziwa yaliyodondoshewa damu, na juu yake kulikuwa na povu. Yule kijana alikitazama, akainuka kwenda kufungua kifuniko cha rejeta, ile inayopoza maji ya injini, akaingiza kidole na kukitoa kikiwa na utando wa mafuta. Akasema mwenyewe, bila mimi kumwuliza, kwamba rejeta imevuja kwa ndani na maji yameingia kwenye giaboksi. Wewe unaijua njia hiyo kuliko mimi: oili ya giaboksi hupitishwa kwenye bomba lililo ndani ya rejeta ili ipoe, na bomba hilo likipasuka, maji na oili hukutana, kisha klachi za ndani hulowa na kuharibika. Nilipiga picha za dumu lile na za kifuniko. Jina la kijana sitalitaja popote, maana alisema kweli na sitaki kweli hiyo imkoseshe kazi.

Siku nne baadaye nikapewa barua ya kukataa. Haina neno hata moja kuhusu rejeta. Inasema kwamba servisi ya kilomita 30,000 ilifanywa na “gereji ya mtaani isiyo na idhini” mjini Tororo, kwamba oili iliyotumika haijulikani, na kwamba kwa sababu hiyo waranti imebatilika. Matengenezo yatagharimu shilingi 9,400,000, nami ndiye nizilipe.

Nimekisoma kijitabu cha waranti mara nyingi hata kurasa zake zimeanza kuachia. Kifungu wanachokitegemea kinasema kwamba waranti haigharamii uharibifu uliosababishwa na servisi iliyofanywa nje ya karakana zao. Neno ni “uliosababishwa”. Hakisemi kwamba gari likishaguswa na fundi mwingine, mwenye gari amepoteza haki zake zote. Ni juu yao, basi, kueleza ni kwa njia gani oili ya injini uliyobadilisha wewe, ambayo hukaa kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na haikutani na oili ya giaboksi mahali popote, iliweza kupasua bomba lililo ndani ya rejeta. Nilimwuliza meneja swali hilo ana kwa ana. Alinijibu kwamba ndio utaratibu wa kampuni, akafunga faili.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Servisi ya kilomita 35,000 na ile ya 40,000 walizifanya wao wenyewe, wakapiga mihuri kwenye ukurasa uleule ambao una risiti yako imebanwa kwa pini, wakapokea fedha zangu, na hawakusema lolote. Kama kazi yako ilibatilisha waranti, mbona mara mbili waliniacha niondoke nikiamini kwamba bado ninayo?

Nimewaandikia barua ya madai na kuwapa siku 14. Nimeeleza humo kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka anayeuza bidhaa kama biashara yake auze kitu chenye ubora na kinachofaa kwa kazi kilichonunuliwa kuifanya, na kwamba wajibu huo upo hata kama kijitabu cha waranti hakiutaji. Siku hizo zikipita bila jibu, nitakwenda kwenye utaratibu wa madai madogo katika mahakama ya hakimu mkuu. Kanuni zake ni za mwaka 2011 na kikomo chake ni shilingi 10,000,000, kwa hiyo dai langu linaingia, ingawa kwa nafasi ndogo. Gharama ya kulivuta gari kutoka Karuma nimeiacha kwa makusudi, nisije nikakaribia mpaka bila sababu. Mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu humo, na hilo linanipa moyo, kwa kuwa meneja atalazimika kujibu swali langu mwenyewe.

Sasa ninalokuomba. Niandikie maelezo ya kazi uliyoifanya siku ile, kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya mahakama: tarehe, kilomita zilizokuwa kwenye mita, aina ya oili, ambayo naikumbuka kuwa 5W-30 ileile inayotajwa kwenye kitabu cha gari, na namba ya filta. Kama ile nakala ya risiti ingali kwenye kitabu chako, ipige picha. Eleza pia kwamba hukuigusa giaboksi wala rejeta. Na tafadhali usiache kuandika habari ya ile filta ya kwanza. Nilikuwa nimesimama pale wakati kijana wako alipoileta kutoka dukani, ukaigeuza juani, ukaona mpira wake umekunjamana upande mmoja, ukamrudisha akalete nyingine ingawa mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi makaburini. Mtu anayefanya hivyo si fundi wa kubahatisha, na ningependa hakimu alijue hilo. Ukiweza, maelezo hayo yaapie mbele ya kamishna wa viapo. Ada yake nitakurudishia.

Bahasha uikabidhi kwa basi la usiku, nami nitaipokea hapa stendi. Ningeshukuru ikifika kabla ya Ijumaa ijayo, kwa kuwa siku 14 zinaisha Jumatatu inayofuata.

Na hata wakikubali kesho kulitengeneza gari bila malipo, bado nitawataka wayafute kwa maandishi yale maneno waliyoyaandika kuhusu gereji yako. Nakala ya barua hiyo nitakuletea mwenyewe Tororo.

Nduguyo wa Arua