Shukrani za familia kwa wote waliotushika mkono katika msiba wa Bi Mkubwa wetu, Jambiani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi wana, wakwe, wajukuu na vitukuu wa marehemu Bi Mkubwa wetu wa Jambiani tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila hali, kisha tunakushukuruni nyinyi. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Jina lake mnalijua. Alikuwa hapendi kutangazwa. Hata akitoa kitu msikitini akiagiza "semeni katoa mtu", basi na sisi hapa hatukuliandika.

Alituaga usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi wa mfungo pili, akiwa na miaka 90 na ushei. Huo ushei hakuna anayeujua. Miaka yake alikuwa akiihesabu kwa mambo yaliyomkuta: mwaka wa Mapinduzi, 1964, alikuwa na mtoto mgongoni na mwengine tumboni, na yule wa mgongoni leo ni babu wa watu.

Alianguka barazani, baada ya swala ya alasiri. Tulimkuta amelala ubavu, ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka umo mkononi, kidole gumba kimeubana pale alipofikia usije ukafumuka. Mjukuu aliyetaka kuutoa alishindwa. Tukampakia garini hivyo hivyo, ukili ukimburura pembeni, na ile njia ya kwenda Mjini, ambayo tunaipita kila siku, siku ile haikwisha. Mvua ya masika ilitukuta msitu wa Jozani, hatuoni mbele wala nyuma, na mama yetu mdogo nyuma ya gari anasoma Yasin kwa sauti iliyokuwa inakatika.

Hospitali tukaambiwa damu yake imepungua sana, zinahitajika chupa tatu. Tuliokuwepo tulipimwa, akafaa mmoja. Ilikuwa saa nne za usiku. Tulipiga simu kijijini kwa kukata tamaa tu, maana nani atatoka kilomita zote zile na mvua ile? Kabla ya adhana ya alfajiri ikaingia daladala kwenye uwanja wa hospitali, imejaa vijana 14. Wengine walishukishwa kutoka kwenye vyombo vyao tayari kwa kwenda baharini, suruali zimekunjwa magotini, miguu ina mchanga. Walikaa kwenye benchi lile refu wakasubiri kupimwa kama watoto wa chuoni wanaongoja kusomeshwa. Tulipotaka kumlipa dereva nauli alitutazama, akasema: "Mimi nimezaliwa nikalazwa kwenye mkeka wake. Mnanilipa nini?"

Vijana wetu, hatuna cha kukupeni. Kwa damu yenu tulimpata tena siku mbili nzima. Alifungua macho, akaomba maji, akatutaja mmoja mmoja, halafu akauliza kama msala wa bwana harusi wa Paje umeshatiwa pindo. Tukamwambia umeshatiwa. Haukuwa umetiwa, binti yake alikwenda akautia usiku ule ule ili tusiwe tumemdanganya.

Ruhusuni tuseme kidogo habari za ule mkeka, kwa kuwa wengi mmetuuliza siku ya mazishi.

Bi Mkubwa alisuka mkeka wake wa maiti mapema, kama walivyokuwa wakifanya wakubwa zake. Akaukunja chini ya kitanda pamoja na sanda, pamba na karafuu maiti, vyote amevinunua kwa pesa zake za mwani. Mkeka mweupe mtupu. Yeye ambaye alichemsha ukindu wa kila rangi, aliyetia nyekundu na zambarau mpaka kwenye makawa ya watoto, wake hakuutia rangi. Akisema huko haendi harusini. Basi mkeka wa kwanza aliutoa kwa jirani aliyefariki uzazini. Akasuka wa pili, ukaenda kwa mvuvi aliyerudishwa na bahari. Wa tatu alizikiwa kijana wa bara aliyekuwa kibarua kwenye ujenzi wa hoteli, Muislamu mwenzetu, hana hata shangazi kisiwani. Kila mara tukimgombeza, na kila mara akitunyooshea vidole vyake vilivyopinda akisema, "Mimi mikono bado ninayo." Mkeka aliolalia yeye ni wa nne. Aliumaliza Shaabani. Tunakiri tuliuficha, asije akautoa tena.

Waliochimba kaburi, Allah akulipeni. Mwenye kuijua ardhi ya kwetu anajua kwamba ukitoka tu kwenye mchanga wa pwani ni jiwe tupu, na mwanandani haupatikani kwa jembe. Tuliisikia mitaimbo tangu asubuhi mpaka karibu na swala ya Ijumaa. Sisi wanawake ndani tukiisikia, na kila ikinyamaza tukitazamana. Mmoja wenu alipasuka kiganja akakataa kupokewa. Kisha Bi Mkubwa akazikwa baada ya swala, na safu za watu zikafika barabarani.

Shukrani za pekee ziende kwa jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye alilala sakafuni hospitali usiku zote 11 na kumwachia mumewe watoto. Sisi watoto wa tumbo lake tulipeana zamu, yeye hakuwa na zamu. Ziende kwa muuguzi wa usiku aliyemsuka nywele Bi Mkubwa mistari miwili, bila ya kuombwa, kwa sababu alimsikia akilalamika kwamba atakutana na watu kichwa wazi. Na kwa mama wawili wa uosho: mlimwosha kama mnavyomwogesha mtoto mchanga, mkizungumza naye, na ule ukili uliokuwa umeganda mkononi tangu siku ya kwanza mkautoa nyinyi, taratibu, mkatukabidhi. Tumeuhifadhi.

Kaka yetu wa Muscat hakuwahi. Alikuwa uwanja wa ndege wakati jeneza linatoka, akafuata kwa simu. Tunawashukuru Waswahili wa huko waliomchukua, wakamswalia marehemu swala ya ghaibu pamoja naye, wakamfanyia na khitma.

Tunawashukuru pia madaktari na wauguzi wote, maimamu na masheikh, walimu wa vyuo na wanafunzi waliosoma juzuu, sheha na wazee wa mji, kamati ya msikiti, wenye magari, wenye bodaboda, mwenye jenereta, waliokopesha majamvi, mapipa ya maji, masufuria na vijiko, wapishi wa wali wa khitma na waliokesha kukuna nazi, wakulima wa mwani wa Jambiani, Paje na Bwejuu, wanakisomo wenzake, jamaa wa Makunduchi, Kizimkazi, Mjini, Pemba, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Dubai, London na Toronto, walioleta ubani, walioleta mchele, walioleta kuni, walioleta machozi tu.

Wanawake wa mwani tunakutajeni mara ya pili makusudi. Kilimo hicho kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 yeye alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupigilia vigingi, wakati wanaume wanacheka kwamba wanawake wanalima majani ya bahari. Pesa yake ya kwanza ilinunua bati; ya pili aliigawa iwe sare za skuli za watoto wasio wake. Maji yalipopata moto na mwani wa aina ya cottonii ukafa, akageukia aina nyengine, spinosum, bei ikashuka, akarudi kwenye makumbi ya nazi na ukili bila kununa. Mlikuja kumzika na nguo za pwani kwa sababu ilikuwa bamvua, maji yametoka sana, na mlitokea majini moja kwa moja. Kuna waliokutazameni vibaya. Sisi tuliona mmekuja na nguo anazozijua.

Sasa radhi. Tunajua tumesahau watu, tena wengi, na pengine tumemsahau aliyefanya kubwa kuliko wote. Msiba unampiga mtu macho. Kama jina la mji wako au kazi ya mkono wako halimo humu, tafadhali usituwekee kinyongo. Kwa Mwenyezi Mungu limeandikwa. Tunaomba radhi kwa waliofika siku ya khitma wakakuta wali umekwisha, tulikadiria watu nusu ya waliokuja. Tunaomba radhi kwa waliopiga simu zisipokelewe. Viatu vilivyobadilishana mlangoni viko kwetu jozi tano, na sufuria moja kubwa yenye alama ya nyota kitakoni haijapata mwenyewe.

Anayemdai marehemu aje kwa wanawe, tutalipa. Aliokuwa akiwadai, yeye alikwishasamehe mbele yetu. Wa upatu msiwe na wasiwasi: alikuwa kijumbe wenu zaidi ya miaka 30 na hesabu aliiweka kwenye ukili, kila mtu na unyuzi wake wa rangi, na alipojifunza kuandika kisomoni akaiandika pia daftarini kwa sababu, alisema, nyinyi hamuuamini unyuzi. Tumezilinganisha. Zimekubaliana mpaka senti. Atakayepokea mwezi huu anajijua.

Kesho Ijumaa baada ya Isha kuna dua nyumbani. Nyote mnakaribishwa.

Mwisho ni makumbi yake. Mnaukumbuka wimbo aliokuwa akiutunga na kuuimba akipiga makumbi pwani:

*Kumbi nimelifukia, si maiti, litatoka;*
*usiku nikililia, asubuhi nalisuka.*

Aliyafukia kabla ya Ramadhani, kwenye shimo lake la siku zote, upande wa kusini wa mti wa alama, na amelijazia mawe juu. Tunakusudia kuyafukua bamvua ijayo, maji yakishatoka. Usumba, yaani nyuzi za makumbi, utakaopatikana ni wa wanawake watakaokuja kuupiga. Kila mtu aje na mti wake wa kupigia, maana wa Bi Mkubwa ni mmoja tu, na wajukuu wameshaanza kuugombania.