Namba ya ajabu nyuma ya risiti

Bw. Mhariri,

Jana nilikwama kwa jam pale Roysambu, simu chaji imeisha, nikatoa kalamu nikaandika nyuma ya risiti 73939133, tarakimu nane, urefu sawa tu na namba ya kitambulisho changu. Hii ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Sasa futa tarakimu ya mwisho unabaki na 7393913, tasa pia, futa tena 739391, tasa, halafu 73939, 7393, 739, 73 mpaka 7 peke yake na zote ni tasa, hakuna hata moja imekataa! Jamaa wa kando alidhani napiga hesabu za beti.

Na kuirefusha haiwezekani. Ukiongeza tarakimu shufwa ama 5 mwishoni imeharibika hapo hapo, ukiweka 1 ama 7 inagawanyika kwa 3, na hata ukiweka 3 ama 9 bado kuna namba ya kuigawa. Na ndiyo kubwa kuliko zote za aina hii, ambazo kwa jumla ni 83 pekee.

Mbona mechi zinapewa ukurasa mzima na hesabu haipati hata kona?

Msomaji wenu,
Githurai, Nairobi