Ziwa Ellis Jumamosi: thibitisheni leo

Hamjambo wanachama,

Tunaondoka Chogoria mjini saa kumi na moja alfajiri. Tusichelewe: mchana ukungu hushuka Mlima Kenya, na barabara ya kupanda kutoka geti la mbuga ikilowa huwa utelezi mtupu.

1. Mchango wa gari: shilingi 3,500, mwisho Alhamisi jioni. Kiingilio cha mbuga jilipie mwenyewe kwa eCitizen (tovuti ya malipo ya serikali). Getini hawapokei pesa taslimu.
2. Wavuvi: kibali, na uzi mwembamba. Maji ni maangavu, trauti akiuona uzi mnene hasogei.
3. Ziwa liko juu ya mita 3,400. Beba sweta, koti la mvua, maji lita 2. Ukianza kutapika au kuyumba, hizo ni dalili za ugonjwa wa mwinuko: unateremshwa, hakuna mjadala.

Jibuni NAKUJA au SIJI leo kabla ya saa tatu usiku. Viti ni tisa tu.