Wanaotunza wazee nyumbani nao wanahitaji likizo

Mhariri,

Naomba nafasi niwaongelee wale wanaotunza wazee manyumbani. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 kwenda juu, na hapa Nairobi ukiingia ploti yoyote Umoja ama Kayole hukosi mzazi aliyeletwa kutoka ushago juu ya stroki, sukari ama kusahausahau, na hukosi binti aliyeacha kazi amwangalie. Mara nyingi ni yule hajaolewa. Familia inakaa kikao, anaambiwa wewe ndio huna mambo mengi, basi, imeisha hivyo, wengine wanatuma kitu kidogo kwa M-Pesa.

Kwetu ni dada yangu. Mama alipata stroki upande wa kulia ukafa, sasa lazima ageuzwe kila baada ya masaa mawili asitoke vidonda, hata usiku wa manane, na kumgeuza si kuvuta tu, unakunja goti, unashika bega na nyonga unamleta kwako polepole, ukivuta ule mkono mgonjwa bega linateguka. Uji nao ukiwa mwepesi unampalia. Haya yote hospitali hatukuambiwa, tulipewa karatasi ya dawa tukamleta nyumbani na teksi, dada alifundishwa na jirani aliyewahi kumuuguza babake. Saa hii dada mwenyewe mgongo unamuuma na kibanda chake cha mboga alishafunga.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia NA Serikali. Familia tumeiona. Inua Jamii, ile pesa Serikali inatumia wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, haifikishi hata daipa za mwezi, halafu ni ya waliofika miaka 70, mama ana 66 kwa hivyo hata hiyo hapati. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyejifungua likizo ya miezi mitatu, baba wiki mbili, lakini wa kumuuguza mzazi hajatajwa popote, ndio maana watu wanamaliza zile siku 21 za mwaka hospitalini ama wanadanganya bosi ati ni wao wagonjwa, na mtu akizidisha anafutwa.

Wabunge wetu waongeze likizo ya kutunza mzazi kwa hiyo sheria, hata kama ni wiki mbili tu za kuanzia, zenye malipo. Na wale wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba, tangu 2023 walipewa mashine za kupima presha na sukari, kwa hivyo njia iko tayari, wafunzwe pia kuonyesha watu jinsi ya kugeuza na kulisha mgonjwa, na wakishampima mzee presha wampime na huyo binti aliyesimama hapo kando.

Mkazi wa Umoja,
Nairobi