Kabla Hujathibitisha Chuo

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Bibi yako keshawatangazia majirani kwamba ana mjukuu injinia; nimemwambia hata chuo hujathibitisha.

Unasema kati ya vyuo viwili vilivyokudahili umekipenda kile cha uhandisi kinachojinadi kwa "viwango vya kimataifa". Neno zuri, ila muulize anayelitamka: viwango vya nani, na nani kavikagua?

Mwaka 1989 vyombo vya wahandisi vya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Ireland vilikubaliana kwamba shahada iliyopewa ithibati, yaani kukaguliwa na kukubaliwa, na mmoja wao, wengine wataihesabu sawa na za kwao. Ndiyo makubaliano yanayoitwa Washington Accord. Afrika Kusini iliingia 1999. Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea: kinachopewa ithibati si chuo kizima, ni programu. Ujenzi unaweza kuwa umepita na umeme, unaoutaka wewe, haujapita, chini ya paa lilelile. Tena swali kubwa la wakaguzi ni mhitimu anaweza nini. Anaweza kulichambua tatizo lisilo na jibu kitabuni? Kumweleza kazi yake mtu asiye mhandisi? Kukataa kuidhinisha kitu kisicho salama? Hilo la mwisho mimi ningelitanguliza. (Sisi mafundi sanifu nasi tuna makubaliano yetu, ya Dublin, ya 2002, ingawa karakana nzima hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake.)

Usidhani mambo haya ni ya Ulaya. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, kilomita 1,443, mwisho wake ni hapa kwetu Chongoleani. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba limesanifiwa kupashwa moto njia nzima. Kazi kama hiyo inakutanisha wahandisi wa nchi mbalimbali, na hakuna mwenye muda wa kuanza kumfundisha mwenzake hesabu.

Kwa hiyo kiulize chuo: programu ya umeme inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Sheria yetu haimruhusu mtu kufanya kazi ya uhandisi bila kusajiliwa, na hata ukihitimu kuna miaka 3 ya kujifunza kazini chini ya msimamizi kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Kisha waache wa ofisini, tafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu. Mashine za maabara wanazishika wenyewe, au mwalimu anashika wao wanatazama? Nafasi za mafunzo kwa vitendo chuo kinawasaidia kuzipata, au kila mtu na mjomba wake? Watahini kutoka nje ya chuo wanakuja?

Chuo cha pili hakina tangazo la maana, nacho kiulize hayohayo.

Ile namba maalumu ya siri ya kuthibitishia chuo usiiingize kwanza, nipigie. Ada nitajitahidi kwa chochote utakachochagua. Mama yako anauliza kama hosteli wanatoa godoro au ununue.

Baba yako